Umefungua kesi ya madai, sasa nini kinafuata? Kisa cha mama wa alizeti na deni la milioni 38

Watu wengi wakishafungua kesi ya madai wanarudi nyumbani wanasubiri simu, wakijua mdaiwa ameshaanza kuhangaika kutafuta hela na mwezi ujao mambo yameisha. Nafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili hapa Dodoma na hii kitu naiona kila siku, mtu anakata tamaa katikati ya safari, tena wakati haki ni yake kabisa, kwa sababu tu hakuna aliyemkalisha chini akamwambia njia yenyewe ikoje. Kwa hiyo naweka hapa kisa kimoja chote, mama mwenyewe ameniruhusu, majina nimeyaacha na baadhi ya vitu vya kumtambulisha mtu nimevibadili.

Mama ni wa upande wa Kibaigwa, Kongwa. Anakusanya alizeti kwa wakulima na kuwauzia wenye mashine za kukamua mafuta. Msimu mmoja akampelekea mzigo mwenye mashine mmoja wa hapa mjini, Kizota, kwa mali kauli, ila angalau waliandikiana karatasi kwa mtendaji. Mzigo ukaenda kwa awamu, deni likafika milioni 42, jamaa akatuma milioni 4 kwa simu vipande vipande, ikabaki 38, baada ya hapo simu inaita tu haipokelewi. Akipokea ni "mama nivumilie, mwezi huu ukiisha". Msimu wa pili ukapita hivyo hivyo na wakulima wanamdai yeye.

Mpaka anatufikia barua ya madai ilishaandikwa na haikujibiwa. Mahakama gani? Deni la namna hii Mahakama ya Mwanzo mwisho wake ni milioni 30, kwa hiyo 38 ikaenda Mahakama ya Wilaya. Angeweza kufungua Kongwa, au Dodoma, mdaiwa anapoishi. Yeye alitaka Kongwa kwa ajili ya nauli, wakili akamshauri Dodoma maana mali zote za yule jamaa ziko huku, na naomba hilo jambo la mali mlishike maana ndo kiini cha kisa chote.

Hati ya madai inapandishwa kwenye mfumo wa mahakama wa kielektroniki, unapata kontro namba, unalipia. Usipolipia faili halisogei, kuna watu wanakaa wiki nzima wanajua wameshafungua kesi kumbe ile kontro namba bado iko kwenye simu.

Baada ya hapo ni wito. Mdaiwa lazima apelekewe wito pamoja na nakala ya madai na hapa ndo kesi nyingi zinapata usingizi wa kwanza. Mpeleka wito alikwenda kwenye mashine akaambiwa bosi yuko Singida. Akarudi tena, yuko shamba. Mwishowe akaenda na mwenyekiti wa mtaa asubuhi mapema wakamkuta, akasoma karatasi, akagoma kusaini. Mama aliposikia amegoma akaona kesi imekufa, lakini kugoma kusaini hakuui kesi, mpeleka wito alibandika nakala mlangoni pale pale halafu akaenda kula kiapo kueleza alivyofanya na nani alikuwepo, mahakama ikaridhika. Angepotea kabisa asionekane, mahakama inaweza kuruhusu wito utangazwe gazetini na gharama ya tangazo unaanza kuibeba wewe mdai. Kwa hiyo ukienda kufungua kesi nenda na taarifa kamili, mtaa, jina la mwenyekiti, namba za simu zote unazozijua, anapopatikana asubuhi na anapopatikana jioni.

Tangu siku anapokea wito mdaiwa ana siku 21 za kuleta utetezi wa maandishi. Akichelewa anaweza kuomba aongezewe siku 10 kama ana sababu ya maana, na maombi hayo ayalete kabla zile 21 hazijaisha au ndani ya siku 7 baada ya kuisha. Asipoleta kabisa unaweza kuomba usikilizwe upande mmoja, ila hata hapo hupewi hukumu ya bure, unaleta ushahidi wako kama kawaida, na yeye akija baadaye na sababu nzito anaweza kuomba ile hukumu iondolewe.

Huyu wetu alileta utetezi siku ya mwisho kabisa.

Mama alipousoma alilia. "Mwanangu, huyu anasema hanidai wala simdai, anasema madai yote ni ya uongo, tulikula naye ugali nyumbani kwangu!" Nikamwambia mama, kaa kwanza tusome aya moja moja. Utetezi karibu wote unaanza kwa kukana kila kitu, hiyo ni namna ya kuandika, usiichukulie kama amekutukana. Kinachotafutwa mle ndani ni kile ambacho hakukikana waziwazi, kwa sababu dai ambalo mdaiwa hakulikana mahsusi mahakama inaweza kulichukua kuwa amelikubali. Aya ya sita jamaa aliandika kwamba mzigo "kiasi" aliupokea ila alizeti ilikuwa na unyevu na taka nyingi. Sasa si ameshakubali kupokea? Kutoka kwenye "simjui" tumeshafika kwenye "mzigo wako ulikuwa mbaya", na huo ni ugomvi mdogo zaidi. Wakili aliipigia mstari ile aya kwa kalamu nyekundu na kesi nzima ikaja kuzunguka hapo.

Pamoja na utetezi alileta pingamizi la awali, hoja mbili. Ya kwanza kwamba madai yamepitwa na muda. Ya pili kwamba uhakiki kwenye hati ya madai, yaani pale mdai anapothibitisha kwamba aliyoandika ni kweli, ulikuwa na kasoro. Pingamizi la awali linatisha sana watu kwa sababu kesi inasimama kwanza mpaka liamuliwe, lakini sheria yake imenyooka toka kesi ya Mukisa Biscuit ya mwaka 1969, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema pingamizi la awali liwe hoja ya sheria tupu, hoja ambayo haihitaji kwenda kutafuta ushahidi kwanza. Deni la mkataba muda wake wa kudai ni miaka 6, na hata malipo ya sehemu ya deni yanaweza kuanzisha hesabu upya, sisi tulikuwa na miamala ya simu ya ile milioni 4. Hoja ya kwanza ikatupwa. Ya pili ilikuwa na ukweli kidogo, hakimu akaamuru tufanye marekebisho na kuleta hati upya, wiki kadhaa zikaondoka. Zamani kasoro za namna hii zilikuwa zinaangusha kesi za watu sana, siku hizi tangu marekebisho ya 2018 mahakama zinaangalia zaidi haki ya msingi kuliko ufundi wa karatasi, ingawa msitegemee kwamba kila kosa litasamehewa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo linaniuma kwenye hiki kisa. Wakati haya yote yanaendelea, mdaiwa alikuwa na mashine ya kukamua, ana Fuso moja, ana akaunti benki. Sheria inaruhusu mdai kuomba mali zikamatwe kabla ya hukumu, au mdaiwa aweke dhamana, kama unaweza kuonyesha kwamba anataka kuzihamisha au kuzificha ili hukumu ikitoka mtu asikute kitu. Siyo ombi jepesi, unahitaji kiapo chenye mambo mahsusi, huwezi kusema tu "namhofia". Mama alikuwa ameshasikia kwa vibarua wa pale kwamba mashine inataka kuhamishwa, ila hakutuambia, aliona ni umbea wa mtaani usiohusika na mahakama. Unahusika! Kibarua aliyesikia bosi anapanga kuhamisha mashine ni mtu wa kuja kula kiapo. Mdai yeyote mwenye kesi ya pesa ajiulize toka siku ya kwanza, nikishinda nitalipwa kutoka kwenye nini, na hicho kitu leo kiko wapi, kwa jina la nani.

Baada ya pingamizi ikaja usuluhishi. Hii ni lazima, si hiari, kesi ya madai inapita kwa msuluhishi kwanza na muda wake ni siku 30 tangu kikao cha kwanza. Unatakiwa uende mwenyewe au umtume mtu mwenye mamlaka ya kukubali au kukataa, usipotokea bila sababu kesi inaweza kufutwa, asipotokea mdaiwa utetezi wake unaweza kuondolewa. Anayesuluhisha siye atakayesikiliza kesi, na mnayoongea mle hayatumiki baadaye kama ushahidi, kwa hiyo ongeeni kwa uhuru. Jamaa alitoa ofa ya milioni 25 kwa awamu 10. Mama akakataa pale pale kwa hasira, akasimama.

Namuelewa, ana wakulima wanamgongea mlango. Lakini nilivyoona mimi, na nilimwambia, ofa ile ilikuwa ya kujibiwa siyo ya kukataliwa. Angesema sawa, nitapunguza kidogo, ila Fuso iwe dhamana na ukiruka awamu moja deni lote linaiva. Makubaliano mkishayasaini yanasajiliwa mahakamani na yanakuwa na nguvu ya hukumu, hakuna ushahidi wa kuleta tena, akikiuka unaenda moja kwa moja kukazia hukumu, yaani kuomba mahakama imlazimishe kulipa au mali zake zikamatwe. Mtu mwenye kesi ya mashahidi wa kusafirisha na mzigo ulioliwa miaka miwili iliyopita anatakiwa kuipigia hesabu hiyo njia kwa utulivu. Wapo wanaosema ukikubali kupunguza umeonekana mnyonge. Mimi sioni unyonge wowote kwenye hela iliyoko mkononi.

Usuluhishi ukashindikana, faili likarudi kwa hakimu, zikapangwa hoja zinazobishaniwa. Zilikuwa tatu tu: je kulikuwa na mkataba, je mdaiwa alikiuka, na kila upande unastahili nafuu gani. Kesi pia inapangiwa njia yake ya muda, ya haraka kabisa ni miezi 10, kuna ya 12, kuna ya 14, na zile zilizobaki miezi 24. Hiyo ndo kalenda ya kwenye sheria. Kwenye maisha kuna hakimu kuhamishwa, wakili wa upande wa pili ana kesi Mahakama Kuu, shahidi mgonjwa. Kesi yetu ilibadilisha hakimu katikati na yule mpya ikabidi aandike sababu za kuipokea ndo iendelee. Jifunzeni pia tofauti ya "kutajwa" na "kusikilizwa", kesi ikija kwa kutajwa hakuna shahidi anayeongea, kwa hiyo usisafirishe watu watatu kutoka Kibaigwa kwa tarehe ya kutajwa, uliza kwanza. Ila wewe mwenyewe kama huna wakili usikose tarehe yoyote, mdai asipotokea kesi inaweza kufutwa na kuirudisha ni maombi mengine na sababu nyingine za kueleza.

Siku ya ushahidi. Tangu 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili kwa hiyo mama alitiririka mwenyewe bila mkalimani, vizuri tu. Shida ilikuja kwenye vielelezo na hapa naomba niwe mrefu kidogo.

Watu wanafikiri karatasi ulizoambatanisha kwenye hati ya madai tayari ni ushahidi. Hapana. Kiambatanisho kinakuwa kielelezo pale shahidi anapokitoa mahakamani, upande wa pili ukaulizwa kama una pingamizi, hakimu akakipokea, kikasomwa. Mama alitoa ile karatasi ya kwa mtendaji, wakili wa mdaiwa akasimama, mheshimiwa hii haijalipiwa ushuru wa stempu. Na ni kweli haikuwa imelipiwa, mkataba usio na stempu haupokelewi mpaka ulipiwe. Bahati nzuri inarekebishika, tukaomba nafasi, ikalipiwa mamlaka ya mapato, TRA, pamoja na adhabu ya kuchelewa, ikarudi ikapokelewa. Tarehe moja ikawa imekwenda hivyo.

Kisha daftari la mizani. Mama ana daftari la kaunta, jalada gumu la bluu, kila gunia limeandikwa kilo, tarehe, na pembeni saini ya kijana wa mdaiwa aliyekuwa anapokea. Kurasa zina madoa ya mafuta na nyingine kona zimeliwa na panya. Alikuja na fotokopi safi akidhani daftari lenyewe ni aibu kulionyesha kwa hakimu! Mahakama inataka lile lenyewe, lenye madoa, kopi inaingia kwa masharti tu. Likaletwa, likapokelewa, na saini za yule kijana ndizo zilizofanya kazi kubwa kuliko maneno yoyote yaliyosemwa mle ndani. Isipokuwa kurasa za awamu ya mwisho, siku hiyo kijana hakuwepo na mzigo ulishushwa bila kusainiwa, kama milioni 4 hivi.

Meseji za WhatsApp za "nivumilie" nazo ziliingia, ila ilibidi mama aeleze kwa kiapo simu ni ya nani, meseji zilihifadhiwaje, zilichapishwaje, na simu yenyewe ilikuwepo. Kwa hiyo mkiwa na kesi msibadilishe simu ovyo, msifute mazungumzo, na skrini shoti peke yake bila simu inaleta maswali mengi.

Maswali ya dodoso, yale ya upande wa pili, yalimsumbua. Wakili wa mdaiwa alimuuliza kwa ukali, akamuuliza tena kitu kile kile kwa njia nyingine, mama akaanza kubishana. Tulishamwambia, jibu ulichoulizwa, hujui sema sijui, mwenye kukutetea atasimama baada ya hapo. Kwenye madai huhitaji kuthibitisha pasipo shaka kama kesi ya jinai, inatosha uzito wa ushahidi uelemee upande wako, lakini anayedai ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha, kwa hiyo hasira haisaidii kitu pale kizimbani.

Mdaiwa alipotetea hoja ya unyevu akaulizwa, baada ya kuona mzigo mbaya ulimwandikia mama lini? Hakuwahi. Uliurudisha? Hapana, niliukamua.

Hukumu ikatoka: milioni 34 badala ya 38, ile isiyo na saini ikakatwa, pamoja na riba ya asilimia 7 kwa mwaka tangu siku ya hukumu mpaka atakapomaliza kulipa, pamoja na gharama za kesi. Hizo gharama usidhani zinakuja zenyewe, unapeleka orodha yako na risiti kwa msajili au afisa anayekadiria, ndani ya siku 60, na zinaweza kupunguzwa sana. Aliyeshindwa ana haki ya kukata rufaa Mahakama Kuu, siku 90. Rufaa yenyewe haizuii kukazia hukumu mpaka aombe zuio akapewa. Huyu hakukata.

Mama alipiga vigelegele nje ya jengo. Nilifurahi naye, kisha nikamwambia mama, sasa ndo tunaanza kutafuta hela.

Mahakama haimlipi mtu. Mshinda tuzo, yaani aliyeshinda kesi, anapeleka maombi ya kukazia hukumu na ndani yake unataja mwenyewe unataka nini kikamatwe, kiko wapi. Nyumba? Nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake sheria inailinda haikamatwi. Akaunti benki ilikuwa na vihela vya kununulia vocha. Mashine, dalali wa mahakama alikwenda akaikamata, ndani ya muda mfupi akajitokeza ndugu wa mdaiwa na pingamizi, mashine ni yangu niliinunua, na karatasi ya mauziano hii hapa, tarehe yake ni katikati ya kesi. Ile habari ya vibarua ikaja kutimia. Mahakama inalazimika kuchunguza pingamizi kama hilo na mashine ikasimama kwa muda mrefu.

Ikabaki Fuso. Tukatafuta taarifa za usajili wa gari TRA, bado ilikuwa kwa jina lake. Dalali akaikamata ikiwa imepakia magunia, ikapelekwa yadi, tangazo la mnada likaandaliwa. Wiki ile ile, mtu aliyekuwa hana hela miaka yote hiyo alikuja mahakamani na milioni 18 na ndugu zake wawili wanaombea, kilichobaki wakaandikishana awamu mbele ya mahakama, Fuso ikabaki chini ya amri mpaka amalize.

Amelipa awamu mbili za mwanzo kwa wakati, ya tatu alichelewa, ikabidi tupeleke barua. Kama ataruka, maombi ya kukazia yanafufuliwa tu, tuzo ya mahakama unaweza kuikazia ndani ya miaka 12, na mama ana nakala zake zote kwenye faili la plastiki nyumbani pamoja na lile daftari la bluu, tulishamrudishia baada ya kesi kuisha. Msimu huu alizeti anauza kwa hela taslimu, na akikopesha, mpokeaji anasaini kila gunia mzani ukiwa bado unaning'inia.